Kuunda upya Vespa ya miaka ya 1960 kwa vipuri vyake vya asili

Unguja bado zipo Vespa, yaani skuta za Kitaliano, zilizosimama nyuani na nyuma ya mabanda, na anayetaka kuunda moja ya kale hana haja ya kupata mashine nzima, kwa kuwa huweza kutokea bodi ikapatikana shamba na injini ikapatikana mjini. La kwanza ni kusoma namba. Katika Vespa 150 ya aina ya VBB, namba ya bodi huanza na VBB1T au VBB2T, na ya injini, iliyopigwa kwenye mkono wake karibu na shokapu ya nyuma, huanza na VBB1M au VBB2M. Magurudumu yake ni ya inchi 8, hivyo ukiletewa rimu za inchi 10 ujue zimetoka kwenye Vespa Sprint au aina nyingine.

Bodi ndiyo inayokula fedha. Vespa haina fremu ya mabomba, bali bati lenyewe ndilo linalobeba uzito, na hewa ya chumvi hulila zaidi sakafuni pa miguu. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa chembamba uipitishe taratibu: pale inapokataa kushika pana puti, yaani kinyunga cha kuzibia mabonde ya bati, na chini ya puti usishangae kukuta tundu. Kata bati bovu mpaka ulifikie lililo zima, chomelea jipya, kisha upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwani bati lililopigwa msasa likilala usiku mmoja huamka jekundu. Rangi ya mwisho isubiri hadi injini ishawaka, ingawa najua wengi huanza nayo.

Katika injini, kagua kesi, yaani ganda la chuma la injini, kabla ya pistoni. Ubavu wa kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, hupita karibu sana na sehemu ya kesi iliyochongwa laini, ukifungua na kuziba tundu linalotoka kwenye kabureta. Kabureta ikiwa imetolewa, zungusha kranki mpaka tundu lizibwe, tia humo oili kidogo na usubiri. Ikituama, kesi ni nzima. Ikitoweka upesi, kesi imeshachongwa na mchanga, na usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Sili mbili za kranki, yaani pete zinazozuia hewa na oili kupenya, zinunue mpya, maana hapa uasili hauna heshima. Nyaya zilizo nyuma ya magneti, yaani gurudumu la sumaku linalozalisha umeme, nazo zibadilishe ikiwa ganda lake linavunjika kama la njugu ukizikunja. Pointi, zinazokata umeme ili plagi itoe cheche, ziachie nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.5, na plagi 0.6.

Kabla ya kufungua nati zinazounganisha nusu mbili za rimu, toa upepo wote. Nilisahau mara moja, na nusu moja ikaruka, ikanipita gotini na kugonga mlango wa banda.

Tia oili ya gia SAE 30 kiasi cha mililita 250, na katika kila lita 5 za petroli changanya mililita 100 za oili ya injini za mipigo miwili. Piga kiki. Injini ikipanda kasi yenyewe bila kuvutwa mafuta, ishuku sili ya upande wa magneti kuwa inavuta hewa. Ikitoa moshi mweupe mzito usiokatika, ni ya upande wa klachi, inayonyonya oili ya gia, na hapo itabidi kesi ifunguliwe tena.