Somo la akiolojia: Shimo la majaribio la mita 1 kwa 1, kuanzia kupima hadi kufukia

Udongo ukishatoka haurudi ulivyokuwa, ndiyo maana somo hili lina kupima na kuandika zaidi kuliko kuchimba.

Kabla ya kushika mwiko wa kuchimbia

Kibali cha mamlaka ya mambo ya kale hakichukui nafasi ya ridhaa ya wenye ardhi na wakazi. Unahitaji vyote viwili. Wakazi waulize makaburi na mahali pa matambiko pako wapi, waeleze vitu vitakavyopatikana vitapelekwa wapi, na wakikataa sehemu fulani, iache. Kuna karatasi ya tatu ambayo wengi huisahau: barua ya makumbusho au ghala lililokubali kupokea vitu hivyo. Bila barua hiyo usichimbe. Magunia ya vigae, yaani vipande vya vyungu, yanayooza chini ya meza ya mtu ni uharibifu sawa na wa mwizi wa mambo ya kale.

1. Kupima

Usipigilie vigingi kwenye kona zenyewe, kwa sababu ukingo ukimomonyoka kigingi kinaanguka na kona imepotea. Vipigilie sm 20 hivi nje ya shimo, vuta kamba zikatane, na pale zinapokatana ndiyo kona. Kila upande uwe sm 100, na ulalo wa kona kwa kona sm 141.4, zote mbili. Ulalo mmoja ukisoma 143 na mwingine 140, umetengeneza msambamba, si mraba. Sogeza kamba.

Kisha weka nukta ya rejea: kigingi imara pembeni, upande wa juu wa mteremko, chenye msumari na kamba ya kuvutia juu ya shimo. Kina chote kipimwe kwa timazi kutoka kamba hiyo, kamwe si kutoka usoni mwa ardhi, kwani ardhi huinama. Ning'iniza pima maji ndogo katikati ya kamba, isome, igeuze kichwa kwa mkia, uisome tena. Povu likihama, pima maji hiyo ni mbovu na vina vyote vya siku hiyo vitakuwa vibovu. Andika kina cha kona 4 na katikati kabla ya kukwangua chochote.

2. Kuchimba

Fuata tabaka, usifuate tepu. Ukiona rangi au ugumu wa udongo umebadilika, simama hata kama umeshuka sm 4 tu, funga mfuko wa vitu vya tabaka hilo, anza namba mpya ya tabaka. Pasipo na mpaka unaoonekana, shuka kwa hatua za sm 10. Vitu vikiwa vingi, sm 5.

Mwiko unakwangua kwa ubavu, ukiuvuta kuelekea kwako huku ukirudi nyuma, usikanyage ulipokwisha safisha. Jua likikausha uso wa shimo, rangi hupotea ndani ya dakika chache. Tengeneza kivuli, nyunyizia maji ukungu mwembamba, usome rangi udongo ukiwa na unyevu na miwani ya jua umeivua.

Hapo ndipo tundu la nguzo hujionyesha: duara la udongo mweusi zaidi, laini, na mwiko ukipita unatoa sauti nyingine. Usilifukue lote. Gawa duara katikati kwa kamba, chimba nusu moja, chora ukuta wa nusu iliyobaki, ndipo utoe ya pili kwa namba yake. Kilichomo tunduni ni kipya kuliko tabaka lililotobolewa. Ukivichanganya, umeweka zama mbili kwenye mfuko mmoja na hakuna maabara itakayovitenganisha. Mashimo ya panya na mchwa hufanya fujo hiyohiyo, basi nayo yatolewe kwanza, peke yake.

Hesabu ndoo. Hatua ya sm 10 ina lita 100 za udongo. Ukishalegea huongezeka kama robo, yaani ndoo 6 hivi za lita 20. Zikifika 9, ama umeshuka kupita kiasi ama umekula ukuta.

Chekecheke ya matundu ya mm 5 inatosha kwa vigae na mifupa mikubwa, lakini shanga ndogo na miiba ya samaki hupita. Angalau ndoo moja ya kila hatua ichekechwe kwa mm 2, na ukubwa wa matundu uandikwe kila mara. Asipojua ulitumia ipi, msomaji hawezi kulinganisha shimo lako na lingine.

3. Mifuko na mkaa

Kila mfuko una lebo mbili, moja nje na moja ndani ikiwa kwenye kimfuko chake: eneo, shimo, tabaka, hatua, kina, tarehe, herufi za kwanza za jina la mchimbaji. Mkaa wa kupimwa umri uokotwe kwa ncha ya mwiko safi, ufungwe kwa karatasi ya alumini, usiguswe kwa mkono wala kuwekwa kwenye pamba. Mbegu iliyoungua ni bora kuliko kipande cha gogo. Mbegu ni ya mwaka mmoja, ilhali kiini cha mti mkubwa kinaweza kuwa na karne kadhaa kabla ya mti kukatwa.

4. Kuchora na kufukia

Kuta zichorwe kwa skeli ya 1:10 na kupigwa picha zikiwa na kipimo na mshale wa kaskazini. Kifusi kikae mita 1 kutoka ukingoni. Shimo likipita mita 1.2, mtu asishuke bila mihimili au kuta kukatwa ngazi. Udongo huanguka bila kutoa taarifa.

Chini ya shimo tandika kitambaa kinachopitisha maji na sarafu ya mwaka huo, ili atakayefika baadaye ajue ulipoishia. Rudisha udongo wa chini kwanza, wa juu mwisho, ukishindilia kila sm 20.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikikuta mfupa wa binadamu?*
Simama, funika, ita mamlaka na wazee wa eneo. Ukionekana wa karibuni, ita polisi. Picha zisisambazwe. Azimio la Vermillion la 1989 la wanaakiolojia linataka matakwa ya marehemu na ya jamii yao yaheshimiwe, kwa hiyo kuendelea au kufukia si uamuzi wako peke yako.

*Vigae nivioshe jioni ileile?*
Si vyote. Tenga vichache vya ndani ya vyungu bila kuosha, mafuta ya chakula hubaki kwenye vinyweleo vyake. Vyuma usivioshe kabisa. Kigae kilichochomwa kwa moto mdogo kijaribu kwanza pembeni, kikilainika kiache.

*Mkazi ameniletea shanga za kale anauza. Ninunue ili zisipotee?*
Hapana, ndugu. Ukinunua leo, kesho watu watachimba wakutafutie. Piga picha, mwombe akuonyeshe alipoziokota, andika, kisha mweleze sheria inasemaje na aziwasilishe kwa nani.

*Vipi kuhusu kuweka majira ya GPS, yaani namba za mahali, kwenye ripoti ya wazi?*
Yapunguze usahihi hadi kilomita kadhaa. Yale kamili yabaki kwenye faili la mamlaka.

*Nitajuaje nimefika mwisho?*
Hatua 2 mfululizo zikiwa tupu, chimba kwa mkono kona moja ya sm 30 kwa 30, ushuke sm 50 zaidi. Mafuriko au mchanga wa upepo huweza kufunika makazi ya zamani zaidi, na shimo likaonekana limekwisha kumbe bado. Hizo hatua tupu nazo ziandikwe kwa kina, rangi na idadi ya ndoo kama nyingine.