Kuendesha mashine ya fezi tatu kwa umeme wa nyumbani

Nimetoka kumfungia jamaa mashine ya kukereza vyuma ya mtumba, mota fezi tatu 1.5 kW, kwake ana fezi moja ya LUKU kama wengi wetu. Maswali huwa ni yale yale kwahiyo naandika hapa.

1. Soma kibati cha mota. Ukikuta 220/380V au 230/400V twende kazi. Ikiwa 380/660V shika hela yako kwanza, hizi VFD (kifaa cha kugeuza umeme wa fezi moja kuwa fezi tatu na kurekebisha mwendo wa mota) za kawaida zinaingiza 220 fezi moja na kutoa 220 fezi tatu, hazipandishi hadi 380.

2. Nunua VFD. Kilowati sawa na mota au izidi kidogo. Dukani taja VFD, ukisema inveta tu utapewa ya sola. Kuna watakaokwambia weka kapasita, kama mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, na kweli mota itazunguka, ila nguvu inashuka, inaunguruma, na mtetemo unauona hadi kwenye chuma unachokereza. Kwa pampu haina shida, kwa mashine hii mimi hapana.

3. Toa mota kwenye sta uipeleke delta. Hizi ni namna mbili za kuunga koili tatu za mota: sta ni ya volti kubwa ya kwenye kibati, delta ni ya ndogo. Hapa ndo watu wanakesha. Ukiiacha sta ukaipa 220 itazunguka vizuri tu ikiwa tupu, ukianza kula chuma inakwama, maana nguvu ya kuzungusha imebaki kama theluthi, na wewe unabaki unalaumu VFD ya watu. Chomoa umeme, fungua kiboksi cha mota. Ukikuta skrubu sita una bahati: toa vile vibati vilivyounganisha W2, U2 na V2, visimamishe viunge U1 na W2, V1 na U2, W1 na V2. Basi.

Kasheshe ni mota inayotoa nyaya tatu tu. Hapo zile ncha tatu za sta zimefungwa humo ndani kwenye koili, chini ya uzi na vanishi, kwahiyo unafungua mota, unatafuta fundo lenye ncha tatu, unaliachanisha taratibu (koili zikikauka zinakatika kama tambi), unalehemu waya mpya kwa kila ncha, unavisha soksi ya kuhimili joto, unazitoa nje. Halafu shika multimita, angalia kila waya mpya unasoma na upi wa zamani, wa zamani ni U1, V1, W1, wenzake ni U2, V2, W2, unga kama nilivyosema juu. Ukimaliza pima U-V, V-W, W-U, omu zilingane, na bodi isisome na waya wowote. Kama hujazoea mpe fundi wa kusuka mota, mwambie "nitolee nyaya sita", anajua.

4. Funga nyaya. Fezi na nyutro ziingie VFD, U V W ziende MOJA KWA MOJA kwenye mota, ethi usiiruke. Swichi ya zamani ya mashine isikae katikati ya VFD na mota, ukikata pale mota inazunguka unaweza kuiua VFD. Vitufe vya kuwasha na kuzima vipeleke kwenye tamino ndogo za VFD.

5. Seti. Hezi 50, ampea weka ile kubwa kati ya mbili za kwenye kibati, hiyo ndo ya delta. Kuondoka na kusimama sekunde 5 hivi. Kama kichwa kinachoshika chuma ni cha kufunga kwa nyuzi kama za skrubu usisimamishe ghafla, kitajifungua kije kukutafuta. Chini ya hezi 20 usikae muda mrefu, feni ya mota inakuwa haipulizi kitu.