Kabla ya kwenda kucheza gofu Kigo

Aliyezoea kupiga kwa misuli huiaga mipira yake mapema Kigo. Uwanja huu wa mashimo 18, nje kidogo ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe, uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na mkwaju mrefu uliopinda kidogo tu unaishia majini. Maandalizi yake huanza siku kadhaa kabla.

Kwanza ujue umbali wako halisi. Nenda mazoezini na aini 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, piga mipira ishirini, isahau ile miwili iliyoruka kama ya mabingwa, kisha pima pale mingi ilipoangukia. Mimi nilijidanganya kwa miaka, mpaka siku kedi wangu, yule mbeba fimbo, alipoutazama mpira wa tatu ukitumbukia akasema kwa upole, "Mzee, hiyo fimbo ni ya ujana wako. Shika kubwa yake, upige taratibu." Wa nne ukatua kwenye nyasi. Mgeni kutoka Mombasa au Dar es Salaam naye apime upya akifika: hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbele kuliko kule pwani.

Sheria inaruhusu fimbo 14. Si lazima uzibebe zote, ila wedji, fimbo za mikwaju mifupi, zisipungue, maana mikwaju ya mita themanini kushuka ndiyo itakayokuokoa. Mipira ichukue ya kutosha, na ya bei ya kawaida. Mpira ukizama majini unaongezewa mkwaju mmoja. Ukitoka nje ya mipaka unaongezewa mmoja na bado unarudi ulipopigia. Kuutafuta uliopotea ni dakika tatu tu, usije ukawachosha wanaokufuata.

Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua haina adabu. Taulo mbili, na glavu ya akiba ndani ya mfuko wa nailoni. Panga kuanza asubuhi, na ukisikia radi ondoka uwanjani hata kama unaongoza.

(Wanaokwenda Jinja wana lao: klabu ile inajulikana kwa kanuni yake ya kukuruhusu kuutoa mpira bila adhabu ukidumbukia kwenye unyayo wa kiboko.)

Kedi mkubaliane malipo kabla ya shimo la kwanza, uwe na pesa taslimu. Anajua upepo wa ziwani unavyogeuka na grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, inavyoinama, lakini wengi humuuliza bendera iko wapi tu, kitu wanachokiona wenyewe. Muulize hivi kila shimo: nikikosea, nikosee upande gani? Mara nyingi atanyoosha kidole mbali kabisa na bendera.