Kabla hujalipa ploti, kagua udongo kwanza: hatua kwa hatua

Watu wanalipa wakili asome hati mpaka mstari wa mwisho, wanalipa saveya ahakikishe mabikoni, halafu udongo wenyewe hakuna anayeuuliza kitu. Hati inakwambia mwenye ardhi ni nani, haikwambii ardhi ilifanyiwa nini. Mimi kazi yangu ni kukagua maploti huku Mombasa na Kilifi kabla mtu hajajenga, na sehemu kubwa ya hii kazi unaweza kuanza mwenyewe bila kumlipa mtu.

Na usidhani udongo wenye sumu ni mambo ya nchi za mbali. Mtaa wa Owino Uhuru uko hapa hapa Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kuanzia 2007 mpaka kikafungwa 2014, moshi na maji machafu vikaingia mtaani, watoto wakakutwa na madini ya risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ambayo Desemba 2024 ikawapa haki. Kufunga kiwanda ni kitu kimoja, lakini risasi haiozi wala haikauki na jua, inabaki palepale kwenye udongo wa juu ambapo mtoto anacheza.

Hatua ya 1: historia kwenye karatasi na picha

Ofisi ya ardhi usiishie kwenye search ya mwenye sasa, omba historia yote ya umiliki. Ukikuta jina la kampuni ya mafuta, kiwanda cha ngozi, karakana ya mabasi, simama hapo. Kiwanda kinatakiwa kiwe na ripoti ya mazingira na ukaguzi wa kila mwaka NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya), kwa hiyo ulizia. Halafu fungua Google Earth kwenye kompyuta, bonyeza ile alama ya saa, rudi nyuma mwaka kwa mwaka. Unatafuta udongo mweusi, mashimo, matangi, rundo la skrepa ambalo mwaka unaofuata limefukiwa. Usiangalie ploti yako peke yake, angalia na majirani, hasa walio upande wa juu wa mteremko.

Hatua ya 2: ongea na watu

Hii ndio naiamini kuliko zote. Broka atakwambia "hapa palikuwa shamba tu", sasa we tafuta mzee wa mtaa, mlinzi wa zamani, mama anayeuza chakula hapo miaka yote. Usiulize kama pana sumu, mtu ataogopa au ataona unamharibia jirani biashara. Uliza hivi: hapa kabla ya huyu palikuwa na nini, magari yalikuwa yanaoshwa wapi, oili chafu ilikuwa inamwagwa wapi, maji ya kisima hiki mnakunywa au mnafulia tu? Hilo swali la mwisho lina majibu mengi sana ndani yake.

Hatua ya 3: tembea

Nenda mara mbili, kavu na baada ya mvua, maana mafuta yakiwa ardhini maji yaliyotuama yanatoa rangi rangi juu. Angalia mahali majani hayaoti bila sababu, vipande vya maganda ya betri, mawe mazito ya kijivu yanayofanana na masalia ya tanuri, bomba dogo lililosimama peke yake (mara nyingi ni la kupumulia tangi lililozikwa). Mabati ya zamani ya asbesto usiyavunje wala kuyafagia, vumbi lake ndio hatari yenyewe. Palipokuwa na kiwanda cha ngozi fikiria kromiamu (metali yenye sumu), palipotibiwa nguzo za umeme kwa dawa fikiria na aseniki (sumu nyingine), gereji na petroli steshen fikiria mafuta. Na huku pwani mwamba wetu ni wa matumbawe, una matundu matundu, kwa hiyo dizeli iliyomwagika haikai juu, inashuka haraka mpaka kwenye maji ya visima.

Hatua ya 4: sampuli

Kama hatua tatu za kwanza zimekupa shaka, hapo ndio unachimba, na hapo tafuta mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Lakini jua anachofanya ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Risasi inatafutwa juu, sentimita 15 za kwanza, sehemu nyingi za ploti, hasa panapomwagika maji ya paa na pembeni mwa ukuta. Mafuta yanatafutwa chini, karibu na tangi na kwenye maji, na sampuli yake inaenda kwenye chupa ya glasi iliyofungwa kabisa, ndani ya kulibox yenye barafu, la sivyo petroli inapaa njiani na maabara itakupa majibu mazuri ya uongo. Lazima ichukuliwe na sampuli moja mbali na ploti, mahali safi, ya kulinganisha. Vaa glavu, viatu vya huko usiingie navyo nyumbani kwa watoto.

Kusoma majibu: udongo wa kawaida huwa na risasi kama miligramu 10 hadi 50 kwa kilo. Marekani walikuwa wanatumia 400 kama alama ya hatari kwa makazi, Januari 2024 wakaishusha hadi 200. Ukipata 900, hiyo si ploti ya kulea mtoto mpaka isafishwe.

Hatua ya 5: mazungumzo

Muuzaji akikukataza kuchukua sampuli, ondoka, hata bei iwe nzuri vipi. Akikubali na majibu yakawa mabaya, andikeni kwenye mkataba nani anasafisha na kwa pesa ya nani, kabla ya deposit. Udongo ukishatolewa, shimo lipimwe tena kabla ya kujazwa mpya, na dai karatasi za lori zinazoonyesha ule mchafu umepelekwa wapi na kwamba aliyebeba ana leseni ya NEMA.