Dividii tupu: angalia draivu kabla hujatoa pesa

Wataka kubani, yaani kuandika, video ya harusi kwa diski? Usikimbilie Mwembe Tayari, hapo Mombasa, kubeba boksi la bei rahisi, kwanza tazama draivu yako, kile chombo cha kompyuta kinachobani diski, imeandikwa nini, kama ni ya zamani na yabani DVD-R peke yake basi DVD+R, ile aina ya pili ya diski tupu, itakataa, ikiwa imeandikwa DVD±RW zote mbili zaingia. Mimi kwa deki za kina nyanya huko Mji wa Kale napendelea -R, hizo hazina maneno mengi. Ya kawaida yabeba GB 4.7, zile DL (za tabaka mbili) GB 8.5 lakini draivu nayo iwe ya DL. Diski ikiwa na kasi ya 16x, wewe bani kwa 8x. Na usiziache juani kwa gari, joto laharibu ile rangi ya ndani inayoshika data.