Namna ya Kufuatilia Kipindi cha Utulivu wa Jua na Kupima Athari Zake Duniani

Katika kila mzunguko wa miaka 11 hivi, madoa meusi kwenye uso wa jua huongezeka hadi kilele, kisha hupungua mpaka siku nyingi zipite bila doa hata moja. Uchache huo ndio dalili ya utulivu wa jua, na mwenye darubini ndogo, karatasi nyeupe na subira anaweza kuufuatilia mwenyewe.

Usilitazame jua kamwe kupitia darubini wala kwa macho matupu, kwa kuwa mwanga wake huunguza jicho bila maumivu ya kukuonya. Funga darubini ya macho mawili kwenye stendi, ziba upande mmoja kwa kifuniko, ielekeze juani kwa kutazama kivuli chake kinavyozidi kuwa kidogo, kisha uache duara la mwanga liangukie karatasi iliyo umbali wa nusu mita hivi. Rekebisha hadi ukingo wa duara uonekane vizuri. Alama inayosogea pamoja na karatasi ni uchafu tu. Kiondoe chombo juani kila baada ya dakika chache kipoe, wala usikiache karibu na watoto bila mwangalizi.

Hesabu makundi ya madoa, zidisha kwa 10, kisha ongeza idadi ya madoa yote: makundi 2 yenye madoa 7 kwa jumla hutoa 27. Kanuni hii ilianzishwa na Rudolf Wolf, mwanaastronomia wa Uswisi, katika karne ya 19. Siku moja tupu haithibitishi lolote, kwa sababu jua hujizungusha kwa takriban siku 27 na huenda madoa yamejificha upande wa pili; ndiyo maana tunatafuta wastani wa kila mwezi, kisha wa mwaka mzima au zaidi. Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau nchini Ujerumani, alihesabu tangu 1826 hadi 1843 ndipo akatangaza kwamba madoa yana mzunguko. Angalia pia mahali doa lilipo: yaliyo karibu na ikweta ya jua ni mabaki ya mzunguko unaokwisha, na yaliyo mbali nayo, kwenye nyuzi 30 hivi, ni ya mzunguko mpya. Utulivu uliotenganisha mzunguko wa 24 na wa 25, kwa namba ambazo wanaastronomia huipa mizunguko hiyo, ulifikia kina chake Desemba 2019.

Athari zianze kutafutwa juu, kwani huko ndiko zilikojaa. Miale ya urujuanimno ikipungua, tabaka za juu za angahewa hupoa na kusinyaa, setilaiti hukumbana na ukinzani mdogo, na takataka za angani hukawia kuanguka. Kinyume chake kiliikuta Skylab, kituo cha anga cha Marekani, iliyoanguka Julai 1979 wakati shughuli za jua zilipokuwa zikipanda. Mwenye redio ya mawimbi mafupi atasikia tofauti: masafa ya juu, kama megahezi 28, hufifia, ilhali ya chini husikika vyema usiku. Uga wa sumaku wa jua nao hulegea na kuruhusu miale mingi zaidi ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu zitokazo mbali angani, ambayo huacha kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, ndani ya pete za miti. Kwa njia hiyo wataalamu huvitambua vipindi vya utulivu vilivyotangulia darubini.

Kuhusu hali ya hewa, uwe mwangalifu. Madoa yaliadimika mno kati ya 1645 na 1715, Ulaya ikiwa katika enzi ya baridi, na wengi hulitwika jua lawama yote. Lakini baridi hiyo ilianza mapema zaidi, na milipuko ya volkano ilichangia. Kati ya kilele na utulivu, jumla ya nishati ya jua hupungua kwa takriban 0.1% tu. Muongo wa 2010 hadi 2019, ambao kilele chake cha madoa kilikuwa hafifu, ulikuwa na joto kuliko miongo yote iliyopimwa kabla yake. Kwa hiyo, ukiongeza safu ya halijoto katika daftari lako, linganisha mizunguko mizima, kwa kuwa tofauti ndogo kiasi hicho humezwa na mawingu ya juma moja.