Inua gurudumu kabla ya kununua mota ya baiskeli ya umeme

Unataka kubadilisha mota ya gurudumu ili baiskeli iende kasi zaidi? Pima kwanza: betri ikiwa imejaa, inua gurudumu lenye mota lisiguse chini, vuta akseleta mpaka mwisho na usome kasi. Barabarani tambarare utapata kama asilimia 80 ya hiyo. Ikiwa tayari unaipata, mota imefika kikomo. Tafuta yenye mizunguko mingi kwa dakika, usihangaike na wati. Kwenye gurudumu la inchi 26, mota ya mizunguko 201 hewani haivuki kilomita 25 kwa saa. Ya 328 hufika kama 40, nayo ni hewani. (Kasi ikigota kwenye 25 kamili hata hewani, angalia kwanza mipangilio ya skrini inayoonyesha kasi, huenda ni kizuizi cha programu tu.)

Ukiwa mbali na hiyo asilimia 80, kinachokosekana ni nguvu: mota ya kasi itazidisha tatizo, maana inanyonya ampea nyingi na mlimani inachemka. Kontrola (kisanduku kinachopimia mota umeme) ya ampea 15 mara nyingi haitoshi. Weka ya 25, ila hakikisha betri inazimudu, la sivyo itajikatia umeme.

Pima upana wa fremu nyuma, kwa kawaida milimita 135, na ufunge mkono wa chuma wa kuzuia ekseli isizunguke. Ekseli ikizunguka, inakata nyaya zake yenyewe. Kwenye uma wa alumini wa mbele, usijaribu kabisa kufunga mota. Na kama breki ni za mpira unaobana rimu, anza kwa kubadilisha breki.